Malewa ya Kamalondo yenye milango miwili

Malewa ni mgahawa mdogo wa watu wa kawaida, na hii ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, Kongo, haina bango wala jina ukutani. Ukitokea upande wa uwanja wa Mazembe ukaingia ndani ya Kamalondo kwa miguu, mara ya kwanza utaipita bila kuiona, maana macho yatavutwa na terasi iliyo ubavuni mwake: viti vya plastiki, spika mbili kubwa kama kabati, ukuta mzima uliopakwa rangi za bia. Malewa yenyewe ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, pazia la kitenge mlangoni, na mbabula mbili (majiko ya makaa) nje zinazofuka moshi tangu asubuhi. Watu wa pale husema tu "kwa mama wa munkoyo". Nimekula hapo karibu kila siku ya kazi kwa miaka miwili na zaidi. Naona watu wanaandika sana juu ya mahoteli ya katikati ya mji, ambako fundi mwenye masizi kwenye suruali hawezi kuketi, basi na mimi naandika juu ya mahali pangu.

Nianze na chakula, maana ndicho kinachomleta mtu. Bukari ya pale, yaani ugali, ni ya unga wa mahindi wenye muhogo kidogo ndani yake, na mama anaisonga mwenyewe, hamwachii msichana. Anakaa kwenye kigoda, sufuria imebanwa kati ya nondo mbili (zile nondo nilimchomelea mimi), anashika mwiko kwa mikono miwili na kusonga mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Ukimega tonge linakatika safi, halivutiki kama gundi, na ndani hukuti kidonge cha unga mbichi. Sombe, majani ya muhogo, inatwangwa kwenye kinu nyuma ya nyumba, siyo ile ya mashine inayofika sokoni kwenye mifuko imekwisha kuwa uji. Jumanne na Ijumaa anatia karanga. Siku nyingine ni mawese na kitunguu. Samaki yake, tomsoni, anaikaanga mpaka mapezi yanatafunika. Mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imekolea, utakuta bowa, ule uyoga wa porini, na siku hizo watu wanasimama mpaka barabarani wakisubiri nafasi kwenye benchi. Bukari na sombe ni franka 3,000. Ukiongeza tomsoni nusu, 5,000. Pilipili ni bure na inakuja kwenye kifuniko cha chupa, kwa sababu zaidi ya hapo utalia.

Sahani ya kwanza ikiwa tayari, kama saa tano na nusu hivi, mama anafuta mikono kwenye kitenge, anainamisha kichwa na kuomba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ukuta. Maombi hayafiki dakika moja. Halafu msichana anapita na jagi na beseni, mnanawa, mnakula. Hatakuhubiria. Mstari wa Biblia uliopo ni mmoja tu, umeandikwa kwa chaki juu ya mlango wa nyuma, na nilikula pale wiki tatu kabla sijainua macho kuusoma.

Na munkoyo. Kwa wasioijua: ni kinywaji cha mahindi. Unapika uji mwepesi, unauacha upoe kidogo, kisha unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa ikawa nyuzinyuzi. Mizizi ile ndiyo inayogeuza uji. Asubuhi unaukuta umekuwa mtamu, na hujaweka sukari hata kijiko. Ukinywa siku hiyo ni kinywaji cha mtoto. Ukiiacha, siku ya pili inaanza kuuma ulimi, ya tatu ni pombe na haijifichi. Mama anaipika jioni, anaiuza kesho yake kwa kopo, franka 500, na inayobaki jioni anaimwaga. Nimemwona kwa macho yangu akimwaga nusu ndoo kwenye mtaro siku ya mvua ambayo wateja hawakuja. Nusu ndoo ni pesa. Kuna watu wangeificha kwa kesho kutwa na kuiuza kwa bei mara mbili kwa wale wanaoijua.

Sasa niseme kwa nini fundi mwenye mke anayepika vizuri anakula nje kila siku.

Kazi yangu ni kuchomelea. Natengeneza milango, madirisha ya nondo, malango ya magari, na misalaba ya makaburi ikiagizwa. Ateliye yangu iko upande wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini. Pombe niliianza kwa furaha. Desemba 2010, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazili 2-0 kwenye Kombe la Dunia la Vilabu kule Abu Dhabi, Kabangu la kwanza, Kaluyituka la pili, mji wote ulishuka barabarani, kipa wetu Kidiaba anaruka kwa makalio kwenye kila televisheni, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu mwenye pesa ya dirisha mfukoni. Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Siku nne baadaye Inter ya Italia ikatufunga 3-0 kwenye fainali, tukanywa tena, safari hii kwa huzuni. Tangu hapo kila jambo likawa na chupa yake: harusi, kilio, kazi imekwisha, kazi haipo. Chupa ikiwa ghali, lutuku, pombe kali ya kienyeji, ipo.

Mwaka 2022 mjane mmoja alinipa avansi, pesa ya kutanguliza, ya lango la parsele yake, yaani kiwanja chake. Nilinunua bomba mbili, pesa iliyobaki ikaishia kwenye meza za terasi kwa siku tatu. Mama yule alilala msimu mzima wa mvua ameziba mwanya wa lango kwa mabati ya kuegemeza. Nilikuja kulimaliza mwezi wa tano. Aliponilipa salio, alihesabu noti moja moja mbele yangu, polepole, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Na batoto yako, balikula?" Angenitukana ningesahau. Swali lile nalisikia mpaka leo nikiwasha mashini.

Mke wangu ni Methodisti wa kuzaliwa, mimi niliingia kwa kuoa. Kanisani kwetu tuna vikundi vidogo tunavyoviita kilasi, watu kumi na wawili hivi na kiongozi wao, wanaulizana kila wiki hali ya roho. Desturi hii ilianza kwa John Wesley na watu wake, Bristol, Uingereza, mwaka 1742. Mwaka uliofuata akatoa kanuni kwa vikundi vyake, na ulevi umetajwa humo waziwazi, pamoja na kununua na kuuza pombe kali. Niliingia kilasi kwa maneno makubwa. Nilisimama mbele ya wote nikaapa sitagusa tena. Kiapo kilidumu siku tisa.

Kiongozi wetu ni muzee, mwalimu mstaafu. Hakunikemea. Aliomba karatasi, akaniambia nichore njia yangu kutoka ateliye mpaka nyumbani, niweke alama kila mahali panapouzwa kinywaji. Nikaweka alama kumi na moja. Aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akauliza, "Hapa unapita ukiwa umekula?"

Nikasema hapana. Nilikuwa nakunywa chai asubuhi na kuchomelea mpaka jioni, kwa sababu kula mchana ni pesa na ni muda.

Akafungua Mathayo 4. Akanionyesha kwamba Shetani alipomwendea Yesu jangwani hakuanza na falme za dunia. Alianza na mkate, kwa mtu aliyekuwa na njaa ya siku arobaini. Halafu akanipeleka kwa Eliya, Wafalme wa Kwanza 19, pale nabii amechoka mpaka anaomba afe, na malaika anakuja. Malaika hakuja na somo. Alimgusa akamwambia inuka, ule, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala, akaamshwa akala tena. Ndipo safari ikaendelea. "Wewe unataka kumshinda Shetani na tumbo tupu," muzee aliniambia. "Tafuta kwanza mahali pa kula. Halafu wiki ijayo usiniambie kama umeshinda. Uniambie umepitia wapi."

Nilifika kwa mama wa munkoyo kwa sababu ya bei. Sitaki kudanganya kwamba niliota ndoto. Fundi mwenzangu aliniambia pale sahani inajaa, nikaenda. Nilipoona ile terasi iko ukuta kwa ukuta na malewa, karibu nigeuke. Mojawapo ya zile alama kumi na moja ilikuwa hiyo hiyo, na wale waliokuwa wakiketi pale walinijua kwa jina la kazi.

Siku nitakayosimulia ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, joto lile la kabla ya mvua, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimekabidhi lango kubwa la magari, nimelipwa lote, dola na franka, noti zimejaa mfuko wa shati mpaka kifungo hakifungi. Nilikuja kula saa kumi, nimechelewa, bukari ilikuwa ya mwisho. Nikiwa katikati ya sahani nikasikia kutoka upande wa pili wa ukuta: "Suderi! Kuya huku!" Yaani mchomeleaji, njoo huku. Waliniona napita. Kisha mmoja akafunua pazia, akaingiza kichwa, akacheka, akasema wameniwekea kiti na chupa imekwisha kufunguliwa, nimalizie kula tu. Akatoka. Nikasikia viti vikisogezwa.

Mate yalinijaa mdomoni. Nasema hivi ili anayepambana na jambo kama hili ajue: nilikuwa nimeshiba, nilikuwa nimeomba asubuhi, nilikuwa na mwezi mzima bila kugusa, na bado mate yalinijaa mdomoni kama mbwa. Nilishika tonge mkononi nikashindwa kulipeleka kinywani. Nilianza kupiga hesabu: moja tu, nimsalimie, niwape heshima yao, nilipe duru moja, niende. Hesabu ile naijua. Ndiyo hesabu iliyolinywa lango la mjane.

Mama alikuwa anaosha sufuria. Hakuwa amesema neno. Akainuka, akaenda nyuma, nikasikia chuma kikisuguana na saruji, mlango wa bati uliokwama akiusukuma kwa bega. Mwanga ukaingia kutoka upande ambao sikujua kuna mlango. Akarudi, akachukua beseni lake, akaniambia bila kunitazama usoni: "Papa, pita huku. Huku iko kivuli."

Nililipa. Nikapita katikati ya parsele, kamba za nguo, kinu cha sombe, mwembe, kuku, watoto wawili wanaoga kwenye karai. Nikatokea avenyu nyingine. Na ni kweli kulikuwa na kivuli, miembe tu upande wote ule. Nilifika nyumbani saa kumi na moja na pesa zote. Mke wangu alizihesabu mara mbili, akaketi.

Wakati natoka ndipo nilipoinua macho na kuuona ule mstari wa chaki, mwandiko wa mtu aliyesoma kidogo, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika: "pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea." Wakorintho wa Kwanza 10:13. Nilikuwa nimeusikia mstari huo tangu kilasi cha kwanza, hata kuukariri. Lakini mimi natengeneza milango. Najua mlango una kazi gani. Mlango haukupunguzii chochote ukiwa umeketi. Kazi yake inaanza ukisimama na kuweka mkono. Na mtume hakuandika kwamba jaribu litaondolewa. Aliandika kwamba vitakuja pamoja, jaribu na mlango, ndani ya nyumba moja, siku moja, na mimi miaka yote nilikuwa nangojea siku ambayo tamaa ingekufa ndipo nianze kuishi kama Mkristo.

Hata hivyo nilikwenda kilasi na aibu. Niliwaambia wenzangu kwamba nimetoroka kama mwizi wa kuku, wakati mwanamume angepita mbele ya watu wake kifua wazi akasema hapana. Muzee akauliza Yosefu alifanya nini mke wa Potifa alipomshika nguo. Alikimbia, nikasema. Akauliza nguo ilibaki wapi. Ilibaki mkononi mwa yule mwanamke. Basi, akasema, Biblia yote hakuna mahali alipolaumiwa kwa kukimbia, na nguo haikurudi. Nilikwenda na jibu hilo. Huku kwetu tunahubiriwa sana ujasiri wa Daudi na Goliathi, mpaka kijana anadhani lazima asimame mbele ya kila jitu. Lakini lile jitu lililokuja kwangu halikusimama bondeni. Liliniita kwa jina la kazi, likaniwekea kiti.

Jumatatu nilimrudia mama na mashini. Bawaba za ule mlango zilikuwa zimeliwa na kutu, fremu imeinama, ndiyo maana ulikuwa unasugua saruji. Nilikata, nikaweka bawaba tatu mpya badala ya mbili, nikamaliza bageti nane za kuchomelea, nikafunga komeo la ndani. Sasa unafunguka kwa kidole kimoja. Siku hiyo hiyo nikamchomelea zile nondo za sufuria. Hakutaka nikatae pesa. Tukakubaliana sahani kumi.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hauzi bia. Namjua mchuuzi aliyekuja kumpa friji ya bure, miavuli, na kumpakia rangi ukuta wote, kama walivyomfanyia jirani. Faida ya kreti mbili kwa siku inapita faida ya sufuria ya sombe. Alikuwa anachambua lengalenga. Akasema, "Nilikuwaka na bwana." Akaendelea kuchambua. Sikuuliza zaidi.

Nina neno moja zaidi juu ya munkoyo, na hili sikulisema hata kwa mke wangu mpaka mwaka ulipopita. Mwezi wa pili nikiwa mteja, siku moja nimechoka, mteja amenizungusha na pesa, nilimwambia msichana, kwa sauti ya chini, aniletee munkoyo, na kama ipo ya juzi aniletee hiyo. Nilijua ninachokiomba. Nilijua pia hakuna atakayesema nimekunywa pombe. Nitakuwa nimekunywa munkoyo kwa mama anayeomba. Msichana akaenda kuuliza. Mama akaja mwenyewe na kopo, akaliweka mbele yangu. "Ya juzi nilisha kumwanga. Hii ni ya leo." Aliniangalia kidogo tu, bila hasira. Yakobo anaandika kwamba kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, akivutwa na kudanganywa. Mpaka siku ile nilikuwa nawalaumu watu wa terasi. Hapa hakuna aliyeniita. Nilikunywa ile ya leo, tamu, na mikono inanitetemeka.

Na nilianguka mara moja. Ilikuwa kwenye kilio cha baba mkwe, usiku wa pili, watu wanapitisha kikombe cha lutuku kuzunguka moto, nikapokea. Siku nne sikwenda kanisani wala malewa. Siku ya tano muzee alikuja ateliye, akaketi juu ya bomba, akasoma Waebrania 4, juu ya kuhani mkuu aliyejaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote bila kufanya dhambi, kisha lile neno: "na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri." Akaniuliza ujasiri huo ni wa nani, wa aliyeshinda au wa mwenye shida. Nikausoma mstari wote mwenyewe. Ni wa mwenye kutafuta rehema. Nilikuwa nimeugeuza siku zote, nikidhani mtu anapata kwanza ushindi ndipo anapata uso wa kumwendea Mungu. Saa saba nilikwenda kwa mama. Alijua, Kamalondo ni ndogo. Akaweka sahani, nusu tomsoni ambayo sikuiagiza, akasema, "Kula kwanza."

Sasa kasoro, maana zipo. Moshi: mbabula ziko karibu mno na mlango, upepo ukigeuka mnakula macho yamefumba, na nguo zitanuka makaa mpaka jioni. Nimemwambia nimtengenezee bomba la kutolea moshi, anasema tutaona. Benchi la kushoto linayumba. Tomsoni huisha kabla ya saa saba na nusu, hata Jumamosi ambayo wateja ni wengi. Ningekuwa yeye ningenunua katoni ya pili. Msichana ni mwepesi asubuhi, lakini baada ya saa nane yuko kwenye simu, utaita mara tatu kupata maji. Choo ni cha parsele, safi, ila lazima uombe ufunguo. Hakuna cha kubebea, njoo na chombo chako. Deni hatoi kwa mtu yeyote, hata mimi niliyemwekea mlango, na katika hili sina manung'uniko. Jumapili amefunga, na kwa vijana wanaoishi peke yao Jumapili ndiyo siku ndefu kuliko zote. Ningeomba afikirie walau uji baada ya ibada.

Televisheni hana. Kwa wengine hiyo ni kasoro kubwa, hasa siku ya Mazembe na Lupopo, timu mbili za mji wetu. Mimi siku hizo ndizo nazoijia malewa hii kwa makusudi. Derby ya mwisho niliyoisikilizia pale, kelele za uwanja zilikuwa zinatufikia moja kwa moja kabla hata redio ya jirani haijasema. Tulikuwa sita kwenye benchi. Wawili nawafahamu, wanatoka kilasi yetu. Mwingine ni kijana ninayemfundisha kazi, ana miaka kumi na tisa, na siku hiyo alikuwa amelipwa kwa mara ya kwanza. Filimbi ya mwisho ilipolia, terasi ikalipuka, wakaanza kuniita kama kawaida. Nilikwenda. Nilipita mlango wa mbele, nikawasalimia mmoja mmoja kwa mkono, nikawaambia sinywi, nashukuru, watoto wananingoja. Mmoja akasema neno baya kidogo, mwingine akamnyamazisha. Ilichukua muda wa kuhesabu mpaka thelathini. Moyo ulikuwa unapiga kwenye masikio. Nilipogeuka kumtafuta kijana wangu sikumwona, nikaogopa, nikarudi ndani. Mama akanionyesha kwa mwiko upande wa nyuma. Alikuwa amekwisha kupita kwenye kivuli, na pesa yake.

Mkitaka kwenda: Jumatatu mpaka Jumamosi, kuanzia saa tano na nusu mpaka saa mbili usiku. Wahini kabla ya saa saba kama mnataka samaki. Njooni na noti ndogo, chenji ni tatizo. Kaeni benchi la kulia. Mlango wa nyuma hautiwi komeo mpaka mteja wa mwisho aondoke. Mkiutumia, urudisheni polepole, kuku wasiingie jikoni.